Kamba Arobaini na Moja za Fundi Kasimu

Fundi Kasimu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala pale makaburini umetulia, sisi wenzako umetuachia moto. Naanza kwa kukwambia kwamba nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu siku ya arobaini yako, na sasa misimu miwili ya pamba imepita na hasira bado iko palepale. Wapo wengine wa kugombezwa na nimewagombeza, nitakusimulia. Ila mwenye kosa la kwanza ni wewe, kwa sababu ulikufa umefunga mdomo.

Naandika nikiwa Bunda, kwenye ofisi ya mradi wa pamba. Ni saa nne asubuhi, umeme umekatika, kompyuta zimezima, na mimi nina karatasi. Karatasi, Fundi! Siku hizi ziko tele, nyeupe, zinauzwa hata kwenye duka la sabuni. Ningeweza ningekuletea rimu nzima niitupe mbele yako nikuulize, mbona hukuandika hata ukurasa mmoja?

Najua utasema enzi zile hazikuwepo. Kweli hazikuwepo. Nakumbuka siku ya kwanza kukuona, ulipokuja kwetu Bugwema kwa baiskeli, mwaka ule ambao sabuni ilikuwa ya mgawo na sisi wa darasa la saba tulikuwa tunaandika kwenye makaratasi ya mifuko ya saruji. Ofisi ya kilimo ilikutuma uchore mmea wa pamba kwenye mabati, ili mabwana shamba wawaonyeshe wakulima. Walikupa mabati na makopo mawili ya rangi. Karatasi ya kuchorea mfano shambani hawakuwa nayo. Ukaingia shambani kwa baba yangu, ukachuchumaa mbele ya mmea mmoja, ukatoa mfukoni kamba nyembamba uliyoisokota kwa nyuzi za gunia, ukaanza kupiga mafundo. Nikakuuliza, mzee, unafunga nini? Hata hukunigeukia. Ukasema, "Sifungi. Naandika."

Nikasimama pale mpaka jua likanichoma kisogo. Uliweka ncha ya kamba ardhini, ukaipandisha kwenye shina, na kila mahali jani lilipotokea ukapiga fundo, kipimo kilekile bila kupunja. Penye tawi uliunga kikamba cha pembeni, urefu wa tawi lenyewe. Kitumba kilichoshika kilikuwa fundo. Kitumba kilichodondoka kilikuwa kitanzi kitupu. Upande wa mmea unaotazama mawio uliweka uzi mwekundu, ili ukifika nyumbani ujue mmea ulisimamaje. Jani lililoliwa na mdudu ulilichuma ukalifunga kwenye fundo lake, likakaukia hapohapo. Ulipomaliza uliikunja kamba ukaitia mfukoni, mmea mzima ukawa uko mfukoni. Kisha ulirudi Mukendo, mtaani kwako Musoma mjini, kwenye kile kibanda chako cha mabango, ukaitundika ukutani ukauchora mmea ule. Siyo mmea wowote tu. Baba alipokuja mjini akaona bati lako limesimamishwa nje, akacheka, akasema, huu ni wa kwangu, wa mstari wa tatu karibu na kichuguu.

Siku ile ndiyo nilisema nataka kufundishwa na wewe, na Baba akakubali kwa sababu alikuwa bado anacheka.

Ulinifundisha vizuri, siwezi kukataa, na hilo ndilo linaniumiza. Ulikuwaga unanigonga vidole na mpini wa brashi nikichora majani yote sawa. "Huo ni mwavuli," unasema, "siyo mmea." Ukanionyesha kwamba jani la juu halikai juu ya kichwa cha la chini, linazunguka kidogo ili limpishe mwenzake jua. Ukanionyesha tawi vivu na tawi zazi: lile vivu liko chini, linanyooka juu likajifanya shina, halibebi chochote lenyewe. Lile zazi linakwenda kwa kupinda, hatua moja kulia, hatua moja kushoto, na kila linapopinda linaacha kitumba. Ukaniambia jani likiwa na jua nyuma yake siyo kijani, lina manjano ndani, na asiyeliona hilo aende akapake uzio. Na kila nilipochora mmea mzima mzima, hauna hata tundu, uliniuliza, huu umeuona wapi? Nipeleke na mimi nikauone.

Halafu ukaniwekea ule mwiko wako. Kamba ni zetu wawili. Mtu akiuliza ni za nini, jibu ni za kufungia mabango. Uliogopa wachora mabango wengine wa Musoma wasije wakakuibia akili. Hata Mama Mwaju, mkeo, aliyekuwa anafagia chini yake kila siku, hukumwambia. Nikaapa. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi na tano, nimetoka Bugwema na ndala za mdogo wangu, ungeniambia niape nisile samaki wa furu tena ningeapa.

Tukaenda hivyo miaka. Bunda, Butiama, Bugwema, mimi nyuma ya baiskeli nimeshika makopo. Kisha mambo yakafunguliwa. Bidhaa zikaja, rangi zikajaa madukani, tukafurahi sisi wajinga. Pamoja na rangi yakaja mabango ya kuchapwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, kila mmoja na bango lake lililotoka mjini limekunjwa, hakuna aliyekuhitaji. Ulikaa mlangoni mwa kibanda unayatazama yanavyopita kwenye magari. Ulikuwaga unasema tu, "Mwavuli," na unapiga kikohozi. Kikohozi kikawa ugonjwa. Siku uliyofunga kibanda ukanipa brashi zako zote, umezizungushia kipande cha khanga na kukifunga kwa kamba. Ukasema nizitunze. Hukusema kingine. Jamani, Fundi, ungesema kingine!

Sasa nikwambie kuhusu arobaini yako, maana hakuna atakayekwambia.

Nilikuwa uani na akina mama, tunachambua mchele. Kaka yako, Mzee Saidi, alikuwa amekuja kutoka dukani kwake Bunda, yuko ndani na wazee, wanafungua sanduku lako ili vitu vigawiwe. Saidi akatoka amebeba kile kigunia chako kwenye ncha ya fimbo, hakutaka kukigusa kwa mkono. Akakimwaga katikati ya ua. Kamba zikatapakaa chini, zina mafundo, zina nyuzi nyekundu, zina majani makavu yamefungwafungwa. Mama mmoja aliangusha ungo wake.

Ninyi Waislamu mnajua fundo kwenye uzi linavyoogopwa. Na sisi wengine tusijidai, kwetu Bugwema mtu akikuta uzi mwekundu na jani kavu kizingitini haulizi ni wa nani, anahama. Ulijua hivyo! Ulizaliwa hapa, ukakulia hapa, na bado ukajaza sanduku zima vitu vile ukaenda zako. Ulidhani watasema nini? Watasema huyu alikuwa mchora mimea hodari?

Saidi hakupaza sauti. Alisema, "Kumbe ndugu yangu alikuwa anafunga watu." Yakaletwa mafuta ya taa.

Na mimi je? Nilikuwa nimesimama na mchele mkononi. Nilizijua zote arobaini. Ile ndefu ya Bunda ya mwaka wa mvua nyingi. Ile fupi ya Butiama iliyoota kwenye mawe, mafundo yake yamebanana. Ya kwa baba yangu, ya kichuguuni, nayo ilikuwa pale juu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nikalishika kwa sababu niliapa. Nilisimama na kiapo chako kooni mwangu nikitazama Saidi anamwaga mafuta, na nilipofungua mdomo moto ulikuwa umeshika. Nikasema hizo siyo uchawi, hizo ni pamba, ni kazi, kila moja ni mmea. Saidi akanitazama akasema, "Wewe si ndiye mwanafunzi wake?" Basi. Akina mama niliokuwa nachambua nao mchele wakasogeza majamvi yao kando.

Wewe ulikuwa umelala, hukusikia kilichofuata. Jirani aliyekuwa anaazima kinu kwa Mama Mwaju akaanza kwenda kuazima mtaa wa pili. Maandazi yake yakawa yanarudi nyumbani yamejaa kwenye beseni. Na Mwajuma, binti yako, aliyekuwa ameposwa na watu wa Kigera, wakaja wazee wawili wakanywa chai, wakasema shughuli imeahirishwa. Imeahirishwa! Hawakusema mpaka lini. Mwajuma akaingia ndani akafunga mlango, na Mama Mwaju akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu, "Nyangeta, mwanangu, zile kamba zilikuwa za nini?" Nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema anataka kuniamini, lakini ameishi na wewe miaka ishirini na sita na hukuwahi kumwambia. Unaona? Hata mkeo hakuweza kukutetea. Hukumwachia cha kukutetea nacho.

Musoma ikanishinda. Nikaja Bunda, kwa sababu mradi ulikuwa unatafuta mtu anayejua kuchora pamba. Pale nikamkuta dada mmoja wa Moshi anaitwa Neema, amesomea kompyuta Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mmea wa pamba ndani ya kompyuta, mmea unaoweza kuuzungusha ukauona mgongo, ukauona unakua kuanzia mbegu hadi vitumba vinapopasuka, ili utiwe kwenye mabango na mafunzo ya wakulima. Alikuwa ameshatengeneza mmoja. Fundi, ulikuwa mwavuli. Majani yote sawa, kijani kimoja kama rangi ya mlango, matawi kulia na kushoto yanalingana. Meneja wa mradi aliwaonyesha wakulima, na mama mmoja akauliza kwa heshima kabisa, hii pamba inalimwa nchi gani?

Neema hana maringo. Aliniambia, mimi najua kompyuta, pamba sijui. Akanieleza kwamba kompyuta haichori mmea kama sisi na brashi. Unaipa sheria chache: panda kidogo, weka kifundo, toa jani, zunguka kidogo, rudia. Yenyewe inarudia na kurudia, kila kifundo kinazaa kingine, mpaka mmea unasimama. Niliposikia hivyo nikacheka. Halafu nikatoka nje nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia kwa hasira. Panda, fundo, jani, zunguka! Ulikuwa unafanya hivyo umechuchumaa kwenye udongo wa Bugwema na kamba ya gunia, na yote nilikuwa nimeyaona yanaungua.

Tukaanza. Nikamfundisha Neema jani kumpisha mwenzake. Nikamfundisha tawi vivu na tawi zazi, akayaandika kwa lugha yake ya kompyuta, na mmea ukaanza kupata akili. Lakini bado ulikuwa mmea wa mtu yeyote. Neema akasema anahitaji vipimo vya kweli: fundo hadi fundo ni kiasi gani, kitumba gani kinashika na kipi kinadondoka, mmea ukiumia unafanyaje. Akaniuliza vipimo viko wapi. Nikasema viliunguzwa Mukendo.

Siku ile nilikuwa nataka kumwonyesha rangi ya jani lenye jua nyuma, nikaleta brashi zako. Nikafungua kile kipande cha khanga. Kamba niliyokuwa nimeifungua na kuifunga mwaka mzima bila kuitazama, safari hii ikanibaki mkononi, na kwenye mkunjo wake nikaona uzi mwekundu.

Ya arobaini na moja. Ulikuwa umefungia brashi. Hukusema! Ungesema tu, Nyangeta, hiyo kamba usiitupe. Ningeitupa, Fundi. Mara ngapi nilikaribia kuitumia kuanikia nguo.

Sikuijua ni ya mmea gani. Nikakaa na Neema, mimi nasoma kwa vidole, yeye anaandika. Fundo, jani. Fundo, jani, tawi vivu. Fundo la saba likatutatiza. Palikuwa na kikamba cha tawi kimekatika, ncha yake imechanika, umeizungushia uzi mweusi. Kuanzia hapo kwenda juu uzi mwekundu ulihama ukaja upande wa pili, maana yake shina lote lilijipinda likalala kukimbia kidonda. Na chini ya kidonda matawi mawili mapya, marefu kuliko yote. Neema akasema hakuna sheria yake hata moja inayofanya hivyo. Nikamwambia aandike kama ilivyo.

Mchoro wa mistari ulitoka haraka. Kuutia ngozi, rangi, mwanga na vivuli, kompyuta ilianza asubuhi ikaenda hadi baada ya chakula cha mchana, na sisi tunaomba umeme usikatike. Jani la kwanza lenye jua nyuma lilipotokea nilisema hicho sasa ndicho kijani cha Fundi. Likaja la pili, lina tundu. Likaja shina, limelala upande. Likaja tawi lililochanika. Nikasimama kiti kikaanguka. Haukuwa mmea wa shamba lolote. Ulikuwa ule wa nyuma ya kibanda chako, karibu na pipa la maji, ulioota wenyewe kwa mbegu iliyodondoka.

Ule wa mbuzi. Unakumbuka? Saidi alileta mbuzi wa sikukuu kutoka Bunda, na pamoja na kwamba palikuwa na nguzo hatua mbili tu, akamfunga kwenye pamba yako. Mbuzi akavuta, tawi likachanika. Ulitoka ukatazama, ukamwambia kaka yako mkubwa maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, mbele ya wageni wenye nguo mpya. Hamkusemeshana mpaka mvua zikanyesha. Nyumba nzima tuliuita pamba ya mbuzi. Na wewe kumbe kila wiki ulikuwa unakwenda kimyakimya kuangalia unavyopona, unaandika.

Basi nikajua la kufanya. Nikaenda dukani kwa Saidi. Mara ya kwanza alisema ana wageni. Mara ya pili alitoka mlango wa nyuma. Mara ya tatu nilingoja siku ya gulio, duka limejaa watu mpaka nje, nikasimama katikati ya vitenge nikasema ili kila mtu asikie, "Mzee Saidi, kama ni uchawi, njoo uuone mchana." Mbele ya wateja wake angekataaje? Alikuja, na nusu ya duka ikamfuata.

Mama Mwaju na Mwajuma nilikuwa nimewaita tangu juzi yake, wamepanda basi kutoka Musoma. Walikaa kwenye benchi karibu na mlango. Saidi hakuwasalimia. Meneja alikuwa ananuna kwa ajili ya watu wale wote na vumbi lao, nikamwambia ataninunia baadaye.

Nikaishika kamba juu ili waione. Watu wakarudi nyuma, nikaona hata Neema anashangaa. Nikaweka ncha ya chini mezani. Nikamwambia Neema aanze, na kila fundo kidole changu kilipofika, kwenye kioo cha kompyuta kikatokea kifundo na jani. Moja. Mbili. Tatu, tawi vivu. Wale watu wa gulio ni wakulima, hawakuhitaji kuelezwa, walianza kutajiana wao kwa wao. Hilo ni jani la mbegu. Hapo ndipo linapoanza kuzaa. La saba. Tawi likatoka, likaishia njiani limechanika. Shina likalala. Yale matawi mawili ya chini yakapanda. Kisha Neema akaleta ile picha iliyokamilika, yenye jua na matundu na kivuli chake chini.

Saidi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akavua kofia. Akasema, "Hii ni ile pamba ya mbuzi."

Mama Mwaju akasema kutoka kwenye benchi, "Na mbuzi alikuwa wako."

Kaka yako alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule na kanzu yake, akaomba aishike kamba. Nikampa, nikiwa sitaki. Akaipapasa hadi fundo la saba akabaki hapo. Akaniuliza, na zile nyingine? Nikamwambia zilikuwa hivihivi. Zote arobaini. Sikumpunguzia neno, na sikumwambia pole. Alisema alikuwa analinda jina la ukoo. Nikamwambia ukoo mzima haukuwa na jina zuri kama lile aliloliunguza.

Ijumaa ile alikwenda Musoma. Baada ya swala alisimama nje ya msikiti akasema alichokifanya, na kwamba kamba za ndugu yake zilikuwa kazi ya mikono, na aliyezisema vibaya ni yeye. Mama Mwaju anasema alisema vizuri na alilia. Mimi sikwenda. Sijamsamehe, Fundi, na usinisukume. Yule wa kinu amerudi, anaazima kama vile hakuwahi kwenda mtaa wa pili. Na watu wa Kigera wamekuja tena na chai yao. Mwajuma amewaambia sasa yeye ndiye anayeahirisha.

Unadhani hapo hasira imekwisha. Haijaisha. Nimeipata kamba moja, na moja inanionyesha arobaini nilizopoteza. Butiama kwenye mawe, nani ataniambia vipimo vyake? Mbegu ile haipandwi tena, wameleta nyingine. Mmea wa baba yangu hauko popote, na Baba naye amezeeka, ameusahau. Vyote hivyo ulikuwa navyo, na ukaona afadhali vibaki siri kuliko mchora mabango fulani wa sokoni avijue. Yule mchora mabango siku hizi anauza mitumba! Ulikuwa unamficha nani?

Na mimi nilinyamaza. Hilo halina wa kumsukumia. Linanijia hata nikiwa nakula.

Meneja alitaka turekebishe tawi kabla ya kuchapa bango. Kompyuta inaweza, ni kazi ya dakika mbili, tawi linapona kama halikuwahi kuguswa. Akasema bango la mbegu bora haliwezi kuwa na tawi lililovunjika. Nikamkumbusha yule mama aliyeuliza pamba ya kwanza inalimwa nchi gani. Nikamwambia akilitengeneza hilo tawi nachukua brashi zangu naondoka leo. Alinung'unika, akalichapa bango kama lilivyo. Sasa liko kwenye kuta za maghala kutoka hapa hadi Butiama, na tawi lako limechanika palepale.

Umeme umerudi, Neema ananiita, nimalizie.

Nilikuapia sitasema. Nimesema. Nimemwambia Neema, nimeliambia gulio zima, na juzi nilikuwa Bugwema nimechuchumaa na Mwajuma, yeye ameshika ncha ya chini ardhini, mimi napiga mafundo, na watoto wa kijiji wamesimama wanauliza tunafunga nini. Tukawaambia yote, kuanzia uzi mwekundu. Kila kamba sasa tunaiandika pia kwenye karatasi, na karatasi nakala mbili, moja inakaa kwa Mama Mwaju. Hilo ndilo naliahidi badala ya lile la zamani, na hili nitalishika.

Pumzika, Fundi wangu. Kila siku ya gulio yuko mkulima anayesimama mbele ya bango, anaweka kidole kwenye fundo la saba, ananiuliza hapa palipatwa na nini. Namwambia habari ya mbuzi, anacheka. Halafu namtajia jina lako lote, na jina la baba yako, na mtaa ulikokaa.

Mwanafunzi wako,
Nyangeta